Supachaja kwenye injini ya 1952: shajara ya kazi

Januari, kabla ya kushika spana

Gari ni MG TD ya mwaka 1952. Injini yake inaitwa XPAG: silinda nne, ujazo wa sentimita 1,250, tundu la silinda milimita 66.5 na safari ya pistoni milimita 90. Ilipotoka kiwandani ilitoa nguvu farasi 54 ikizunguka mara 5,200 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo pistoni inakwenda wastani wa mita 15.6 kwa sekunde, na krenki inayobeba purukushani yote hiyo imeshikwa na beringi tatu tu.

Anayetaka kuiongezea nguvu kwa njia iliyozoeleka hufunga kamshafti kali, hupanua valvu, kisha huizungusha zaidi. Hapo ndipo chuma cha zamani kinapolia. Mzigo ambao pistoni inauweka kwenye konrodi, fimbo inayoiunganisha na krenki, kwa kwenda na kurudi hupanda kwa mraba wa mizunguko: ongeza mizunguko asilimia 20, mzigo unapanda asilimia 44. Beringi tatu hazikupangiwa hesabu hiyo.

Supachaja, yaani kipulizia kinachozungushwa na krenki ili kuisukumia injini hewa, inapita mlango mwingine. Mizunguko inabaki pale pale. Kinachoongezeka ni hewa na petroli inayoingia silindani kila valvu inapofunguka. Shinikizo la mwako linapanda, sikatai, na beringi za konrodi zitalihisi. Lakini shinikizo hilo linaikuta pistoni ikiwa juu, mahali ambapo uzito wake ulikuwa unaivuta iendelee kupanda, kwa hiyo mzigo mmoja unapunguza makali ya mwingine.

Wengi wakisikia supachaja huwaza mbio. Mimi nawaza difu, gia za mwisho kwenye ekseli ya nyuma. TD ina difu ya 5.125, yaani katika gia ya nne kila mizunguko 1,000 inakupa kilomita 23 hivi kwa saa. Ukitembea kilomita 90 kwa saa, injini inapiga karibu mizunguko 3,900, na masikio yako yanajua. Difu ndefu zaidi ingeituliza, ila kwa nguvu farasi 54 gari lingechoka kwenye kila mwinuko. Injini ikipata nguvu ya kuzungusha kule chini, kwenye 2,000 na 2,500, basi difu ya 4.3 iliyotumika kwenye MGA, gari jingine la MG, inawezekana. Mradi wote uko hapo.

Februari: kuipima afya

Nilianza na mgandamizo. Silinda zote nne zinakaribiana vizuri. Baada ya hapo jaribio la kuvuja: pistoni iko juu, valvu zimefungwa, unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, halafu unatega sikio. Hewa ikisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haikai sawasawa. Ikisikika kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Ikisikika kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Kwangu ilikuwa ringi, kidogo tu, silinda ya tatu ikiwazidi wenzake.

Kwenye XPAG jambo hili si dogo. Nyuma ya krenki hakuna sili ya mpira kama magari ya leo. Kuna mfereji uliochongwa mithili ya skurubu, nao unarudisha oili ndani krenki inapozunguka. Mfereji wa namna hiyo hauna ubavu wa kupambana na shinikizo. Gesi zikipita kando ya ringi na kujaa chini kwenye krenkikesi, oili itasukumwa nyuma na kumalizikia kwenye klachi. Supachaja inaongeza gesi hizo. Kwa hiyo ringi zote zimebadilishwa, kuta za silinda zimesuguliwa, na bomba la kupumulia nimeliongezea upana. Bomba hilo linaishia kwenye kopo lake la kukusanyia mvuke. Haliruhusiwi kamwe kuungwa kwenye manifoldi iliyo na shinikizo.

Fundi aliyesugua silinda, mtu mzima aliyezeeka na mashine zake, aliniuliza kama nataka kwenda kushindana.

"Hapana, mzee wangu. Nataka kupanda mlima bila kushuka gia."

"Basi kamshafti usiiguse," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Alikuwa ameigusa shabaha. Kamshafti ya kiwandani ina muda mfupi wa valvu mbili kuwa wazi kwa pamoja. Kamshafti ya mashindano inaziacha wazi kwa muda mrefu, na ukiisukumia hewa ya supachaja, mchanganyiko mbichi unapitiliza moja kwa moja hadi ekzosi. Petroli inaungua kwenye bomba badala ya silindani. Kamshafti ya upole ndiyo inayofaa hapa, na bahati nzuri ndiyo iliyomo.

Februari, mwishoni: kwa nini hedi haikwanguliwi

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisikwangue hedi, kichwa cha injini, nipandishe mgandamizo tu. Uwiano wa XPAG kwenye TD ni 7.25 kwa 1. Ukiupandisha hadi 9, hesabu ya nadharia inakupa nyongeza ya asilimia 7 hivi. Si haba, lakini mlima hautaona tofauti kubwa.

Tena uwiano huo mdogo ndio mtaji wenyewe. Injini hii ilizaliwa kabla ya vita kuu ya pili, na magari ya TD ya mwanzo yalinyweshwa petroli ya pamoja iliyouzwa Uingereza hadi mwanzoni mwa 1953, yenye oktani, kipimo cha kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe, ya sabini na kidogo. Petroli ya oktani 95 inaipa nafasi ambayo wabunifu wake hawakuwa nayo. Nafasi hiyo unaweza kuitumia kwa kukwangua hedi, au unaweza kuiacha supachaja iitumie. Kwa shinikizo la ziada la bar 0.4, yaani hewa kubanwa kama mara 1.4 ya kawaida, ukizidisha kirahisi 7.25 kwa 1.4 unapata kama 10.2, kipimo ambacho oktani 95 inakistahimili iwapo taimingi, wakati wa plagi kutoa cheche, itachungwa. Injini yenye uwiano wa 9 ingefika 12.6 na kuanza kugonga. Magari ya zamani yenye mgandamizo mdogo yanadharauliwa sana, lakini kwa kazi hii ndiyo yaliyokaa tayari.

Machi: ipi?

Zama zile TD ilikuwa na wachumba wawili wakubwa. Shorrock ni ya mapanga: rota imekaa pembeni ya kitovu, mapanga yanateleza na kufagia hewa. Inabana vizuri hata mizunguko ikiwa midogo, ila inahitaji oili ya injini idondoshwe ndani yake muda wote, na oili hiyo inaishia kuunguzwa. Marshall ni ya aina ya Roots: rota mbili zinazopishana bila kugusana, hazihitaji oili kwenye njia ya hewa. Zote mbili ni nzuri. Zote mbili pia ni za umri wa gari lenyewe, na spea zake zinatafutwa kwa tochi.

Nimechukua Aisin AMR500, Roots ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa kwa magari madogo. Kila mzunguko wake unasukuma nusu lita. Gia zake zina oili yake ndani, haiombi chochote kwa injini. Atakayeniambia si ya enzi ya gari namkubalia. Boneti ikifungwa haionekani.

Hesabu ya puli niliifanya hivi. Injini ya sentimita 1,250 inavuta nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko, yaani 625, lakini haijazi kikamilifu. Nikachukua asilimia 85, sawa na 530 hivi. Hewa iliyobanwa mara 1.4 inapata joto, kwa hiyo haishikamani mara 1.4, inashikamana mara 1.2. Hivyo supachaja inapaswa kuvuta kama sentimita 640 za hewa ya nje kwa kila mzunguko wa injini. Yenyewe, ukiondoa kinachorudi nyuma kupitia mianya ya rota, inasukuma 435 hivi. Gawanya: karibu 1.5 kwa 1. Puli ya krenki milimita 126, puli ya supachaja milimita 84. Injini ikiwa 5,000, supachaja iko 7,500, na bado inapumua kwa raha.

Hiyo 1.2 ndiyo inayowavunja moyo watu, nami sitaificha. Roots haibani hewa ndani yake. Inaibeba na kuitupa kwenye manifoldi, na kubanwa kunatokea huko kwa vurugu. Hewa ya nyuzi 30 inatoka ikiwa karibu na 85. Kwa hiyo bar 0.4 haimaanishi asilimia 40 ya nguvu. Ongeza na gharama ya kuizungusha supachaja yenyewe: kwa mizunguko ya juu ni kilowati mbili na nusu za kusukuma hewa peke yake, kabla ya msuguano wa mkanda na gia. Anayekuahidi nusu ya nguvu tena kwa shinikizo dogo kama hili hajapiga hesabu.

Aprili: kabureta ikae wapi

Swali hili lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote.

Ukiiweka kabureta baada ya supachaja, inapulizwa. Inabidi uizibe kila mwanya, shinikizo la petroli lipande sambamba na la hewa, na maboya yasibonyee. Pampu ya SU ya umeme iliyomo ndani ya TD haina nguvu hiyo. Ukiiweka kabla, kabureta inavuta hewa ya kawaida kama ilivyozoea, pampu ya zamani inatosha, na petroli inapita ndani ya supachaja pamoja na hewa. Inapogeuka mvuke inanyonya joto, kwa hiyo zile nyuzi 85 zinashuka. Kwa injini isiyo na nafasi ya kipozea hewa, hiyo ni zawadi.

Kuna bei yake. Bati la kuzuia hewa, lile linaloongozwa na pedali, liko mbele ya supachaja, kwa hiyo ukiachia pedali, supachaja nzima inakaa kwenye ombwe, na ombwe hilo linaweza kunyonya oili ya gia kupitia sili za shafti. Sili mpya, basi, kabla ya kufunga. Pili, manifoldi yote sasa imejaa mchanganyiko unaowaka. Injini ikirudisha moto, mlipuko unatokea ndani ya supachaja. Dawa ni valvu ya spring kwenye manifoldi inayofunguka shinikizo likizidi na kufunga tena. Mafundi wa zamani waliiweka, nami nimeiweka. Usikubali kuambiwa ni pambo.

Kabureta mbili ndogo za SU zimetoka, imeingia moja ya inchi moja na nusu. Kurekebisha kabureta moja badala ya mbili zinazogombana ni faida ambayo sikuwa nimeihesabu.

Aprili, nikisubiri manifoldi ichomelewe

Wazo lenyewe ni la kale kuliko magari. Ndugu wawili wa familia ya Roots, wa Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizia chao mwaka 1860, miaka 25 kabla ya Gottlieb Daimler kupata hataza ya kuisukumia injini hewa. Mercedes walionyesha magari ya kuuza yenye supachaja mjini Berlin mwaka 1921. Mwaka 1923 Fiat ikashinda Grand Prix ya Italia, gari la kwanza la supachaja kushinda mbio za daraja hilo.

Bentley ya lita 4½ ndiyo kila mtu anaikumbuka, ile yenye supachaja ikining'inia mbele ya rejeta. Tim Birkin aliitaka, W. O. Bentley hakuitaka. Nguvu ya gari la barabarani ilipanda kutoka farasi 110 hadi 175. Le Mans haikushinda hata siku moja; mwaka 1929 na 1930 ushindi ulikwenda kwa Speed Six, Bentley nyingine isiyo na supachaja. Watu hutumia hadithi hii kuikejeli supachaja. Mimi naisoma tofauti: mashindano ya saa 24 yanaadhibu kiu ya petroli na joto la kukanyaga mpaka mwisho bila kupumzika. Safari ya Jumapili haina adhabu hiyo; shinikizo linatumika kwa sekunde chache za kupanda au kupita lori, kisha geji inarudi kwenye ombwe.

Mei: kufunga

Bati la kushikilia ni la chuma cha milimita 10, limefungwa sehemu tatu kwenye bloku. Mwanzoni nilifikiria aluminiamu kwa ajili ya uzito, lakini mkanda unavuta upande mmoja tu na bati likijikunja hata kidogo, mkanda unakula ukingo wa puli. Mkanda ni wa mifereji midogo mingi, si ule wa V wa feni. Feni na dainamo vimebaki na mkanda wao wa asili. Supachaja ikiondolewa siku moja, gari linarudi lilivyokuwa bila tundu jipya hata moja. Kwa gari la umri huu naona hilo ni sharti.

Plagi zimekuwa za daraja moja baridi zaidi. Klachi ya inchi 8 iliyokuja na injini za TD za baadaye imeachwa ilivyo.

Juni: kuwasha

Imewaka haraka kuliko nilivyotarajia. Mlio wa Roots ni mlio wa pekee, filimbi nyembamba juu ya ngurumo, na hauzoeleki upesi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mkanda. Geji ilipanda vizuri mpaka bar 0.3 karibu na mizunguko 3,500, halafu badala ya kuendelea ikaanza kushuka. Supachaja ikivuja, shinikizo linapungua kote, hasa chini. Likipanda kisha kuanguka kule juu, mkanda unateleza. Puli ndogo ilikuwa imekumbatiwa na mkanda chini ya nusu ya duara lake. Nimeongeza puli ya kukazia upande uliolegea, ikisukuma mkanda kwa ndani ili uizunguke puli ndogo zaidi. Sasa geji inasoma 0.25 kwenye mizunguko 2,000 na 0.4 kuanzia 4,500.

Tatizo la pili ni la joto. Gari likizimwa baada ya safari na kuachwa robo saa, petroli inachemka kwenye kabureta kwa sababu supachaja inabaki na joto lake. Bati la kukinga joto na kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na supachaja vimelituliza, si kulimaliza. Hapo injini ya asili ilikuwa bora.

Juni, mwishoni: taimingi

Ikiwa tuli, taimingi ya XPAG ni pistoni juu kabisa, na mizani ndani ya distribyuta inaisogeza mbele kadiri mizunguko inavyopanda. Mchanganyiko uliobanwa unaungua haraka zaidi, kwa hiyo hauhitaji kuanzishwa mapema vile. Sikuirudisha nyuma taimingi yote, kwani kungeikata miguu injini ikiwa haina shinikizo na kuongeza joto la ekzosi. Nimebana mwisho wa safari ya mizani ili ile ya juu ipungue nyuzi sita. Chini imebaki kama ilivyokuwa.

Kihisio cha oksijeni kimefungwa kwenye ekzosi kwa muda. Sindano ya SU imechongwa na kujaribiwa mpaka, injini ikiwa chini ya shinikizo, mchanganyiko ukakaa kwenye hewa 12 kwa petroli 1, na kwenye mwendo wa utulivu zaidi ya 14. Nisingempa mtu ushauri wa kufanya hatua hii kwa kutazama rangi ya plagi. Wakati plagi inakuonyesha kuwa petroli ilikuwa chache, pistoni imeshayeyuka ukingo.

Julai: namba

Kwenye mashine ya kupimia nguvu magurudumuni, injini hii kabla ya kazi ilitoa farasi 41. Sasa inatoa 53. Huo ni upande usio na maana sana kwangu. Upande wenye maana ni kwamba kuanzia mizunguko 2,000 hadi 4,000 nguvu ya kuzungusha imepanda karibu robo, na mstari wake umelala kama meza. Turbo ndogo ingetoa namba kubwa zaidi kule juu, lakini hapa chini ingekuwa bado inaamka. Supachaja imefungwa kwa krenki, ukikanyaga, ipo.

Milimani faida inaonekana maradufu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano, na injini ya kawaida inapoteza kiasi hicho hicho cha nguvu. Supachaja inairudishia pumzi iliyoibwa na kubakiza kidogo. Injini za ndege zilifungiwa supachaja kwa sababu hiyo hiyo.

Petroli: barabara tambarare tofauti ni ndogo mno kuitaja. Milimani inakunywa, na inakunywa kwa furaha.

Agosti: difu

Seti ya 4.3 imeingia. Kila mizunguko 1,000 sasa ni kilomita 27 na kitu kwa saa, na kwa kilomita 90 injini inazunguka 3,250 badala ya 3,900. Ule mzigo wa konrodi kwa mwendo huo umeshuka karibu asilimia 30 kuliko siku gari lilipotoka kiwandani, na gia ya nne inapanda pale ambapo zamani nilishuka mpaka ya tatu. Gia ya kwanza imekuwa ndefu kidogo kwa kuondokea mlimani, klachi inalazimika kuteleza zaidi.

Kilichobaki ni geji ya mwendo. Inaendeshwa kutoka kwenye giaboksi, haijui kwamba difu imebadilika, kwa hiyo inaposoma 75 gari liko karibu 90. Nimeifungua, inapelekwa kurekebishwa wiki ijayo. Mpaka hapo natumia geji ya mizunguko na jedwali lililobandikwa kwenye dashibodi.